Ya Kurudia

Tani ishirini na nane za chumvi ya Gongoni
hazipigi kelele zikienda.
Zinakaa. Springi zinalala chali,
na barabara inapita chini hadi Mariakani
bila kujua nani kapita.

Kelele ni kurudi.

Trela tupu huruka.
Kila tuta la Matsangoni hulirusha,
sahani inagonga, minyororo inacheka,
na mtungi wa mama mkwe, niliouagiza mwezi wa sita,
ukafika Malindi vigae saba.
Nilivihesabu. Naye pia.

Basi Jumatatu nimesimama dukani kwa Twalibu,
shokamzoba nne mezani
zimelazwa kama papa wa mnadani.

Ya bluu ni mpya, bado inanuka rangi.
"Kipya kinyemi," asema Twalibu.
Methali hakuimalizia. Mimi najua kidonda kiko wapi.

Ya pili imetoka Dubai, imeshavaliwa na lori jingine,
ikaoshwa kwa dizeli, ikapakwa nyeusi,
mithili ya mzee aliyetia piko ndevu.

Ya tatu ni ya gesi, nene kama paja la ng'ombe.
Bei yake niliijibu kwa macho tu.
Lakini hiyo ndiyo niliyoitaka:
mzigo mzito, kitu kizito.

Nyale fundi hajasema neno.
Katoa mfukoni ukili wenye mafundo mawili,
fundo hili trela limejaa, hili tupu,
anapima. Jicho la bushi. Unene wa pini.
Anaisimamisha moja moja sakafuni,
anailalia kwa kifua, anaiachia,
anahesabu inavyorudi.

"Mbeyu, kitu hiki hakibebi.
Kubeba ni kazi ya springi.
Na springi haina siri: ikipigwa shimo moja
italisimulia mara kumi.
Hii kazi yake ni kuiambia, basi, yametosha.
Sasa huyo mnene wako
atasema basi kwa ngumi.
Atang'oa mabano, na chumvi imeshayala nusu.
Chagua ya kurudia,
usichague ya kwendea."

Ya nne hatukuwa tumeitazama.
Kijivu, vumbi hadi shingoni.
Nyale akaibonyeza, akaiacha,
ikapanda polepole
kama mtu anayefunga mlango wa chumba
alimolala mtoto.

Ekseli tatu zataka sita.
Pesa zilitosha nne.
Tukaanza na za nyuma; za mbele zingoje
safari mbili, labda tatu, Twalibu hakopeshi.

Jioni, za zamani ziko mchangani zinatoa mate meusi.
Moja nikaisukuma kwa kidole gumba.
Ikazama. Ikabaki hukohuko.
Miezi yote hiyo
nilikuwa namlaumu Chengo na mguu wake.

Sikumwomba radhi, sijui kwa nini.
Alhamisi anarudi na mtungi mwingine.
Nimemwambia aujaze maji.