Jicho Lilelile

Mwalimu Nazibrola alichora msalaba kwa makaa,
mistari miwili tu, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini,
akaweka chupa juu yake.
"Huu si wa kusalia," akasema.
"Huu ni wa kutazama mpaka upotee."

Februari, mjini Chiatura. Theluji ilianguka nyeupe,
ikalala nyeusi kwa vumbi la manganizi.
Magari ya kamba yalining'inia juu ya bonde
kama jino la mtoto siku yake ya mwisho.
Kuni zilikuwa haba; tulipeana zamu za jiko.
Siku hiyo mimi na Guram tuliangukia dirishani.

Thiosalfeti mililita hamsini, maji hakuna.
Kisha arobaini kwa kumi. Kisha thelathini kwa ishirini.
Tulizidi kuizimua
kama mchuzi wa nyumba inayobishiwa hodi na wageni.
Asidi, mililita tano, zilezile kila mara:
Guram anamimina, anabonyeza saa ya babu yake
aliyekuwa mwamuzi wa mieleka,
nami nimeinama, jicho moja wazi.

Mwanzo, hakuna.
Halafu weupe, pumzi ya mtu kwenye kioo.
Halafu umanjano, harufu ya kiberiti,
msalaba unapoteza mkono mmoja,
na wa pili,
ule mguu wa chini unakawia, unakawia.
"Sasa!"
Ishirini na tano.

Thelathini na moja. Arobaini na tatu. Sitini na moja.

"Kwa nini inachelewa?" Tukanyamaza.
Akaelekeza kidole mgodini.
"Wachimbaji walipokuwa elfu kwenye foleni ya gari la kamba,
hapakukucha bila ngumi. Bega kwa bega, neno kwa neno.
Leo wamebaki arobaini.
Mmesikia ugomvi mwaka huu?"
Baba yake Guram alikuwa mmoja wa wale arobaini.
Guram aliitazama saa, ingawa haikuwa inatembea.

Kipimo cha tano: kumi kwa arobaini.
Moshi wa jiko ulikuwa umenitoa machozi.
"Pisha," mwalimu akasema, "nitatazama mimi."
Akainama, miwani ikakaribia kugusa mdomo wa chupa.
"Sasa."
Tisini na nane.
Nikachungulia juu ya bega lake.
Msalaba ulikuwapo.
Mikono yote miwili, na mguu.

Niliandika tisini na nane.

Kwenye grafu tuligawa moja kwa muda, kama tulivyofunzwa.
Nukta nne zilikaa mstarini.
Ya tano ilikaa juu kidogo,
ndege aliyekataa waya.
"Tuifute," Guram akaninong'oneza, "tuweke mia na ishirini na tano."
Mwalimu alikuwa na masikio mazima.
"Namba haifutwi. Namba huulizwa.
Haya, iulizeni."

Mmoja akasema joto: kuna aliyeongeza kuni.
Mwingine akasema silinda haikusuuzwa.
Mimi nilikwangua wino kwenye kucha.

Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya shali, akaivaa,
akatazama dirishani, kule yalikopita magari ya kamba,
akaifuta tena.
"Vinne vya kwanza, nani alitazama?"
"Mimi."
"Na cha tano?"

Kijiti kilipasuka jikoni.

"Andika, Tsisana. Chanzo cha kosa:
mtazamaji alibadilishwa."
Sauti yake ilikuwa ile ile ya kusomea mahudhurio.
"Na sasa rudieni. Kumi kwa arobaini.
Jicho lilelile."

Guram akamimina. Nikainama.
Yeye alisimama nyuma yangu, mkono kwenye kiti changu,
nami nilisikia pumzi yake ikihesabu.
"Bado?"
"Bado."
Mia moja. Mia moja na kumi.
"Bado unauona?"
"Bado, mwalimu."
"Ukoje?"