Jina Kwenye Sindano

Kabati lilikuwa la chuma, rangi ya maziwa yaliyoganda,
ukutani nyuma ya meza yangu, juu ya mashine ya kunakili.
Funguo mbili: mmoja wa Bi Havlicek, muuguzi,
aliyekuja Jumanne na Alhamisi, theluji ikimruhusu,
kwa kuwa shule nne zilimgawana kama mkate mmoja;
mmoja wangu, karani,
shingoni, pamoja na miwani.

Ndani, sindano sita za adrenalini,
kila moja na jina lake, tarehe, sahihi ya daktari.
Kanuni ya wilaya, ukurasa wa thelathini na moja,
niliipiga chapa mwenyewe, koma kwa koma:
"Dawa ni ya mtoto aliyeandikwa, wala si ya mwingine."
Sikuona kosa. Nilisahihisha tahajia tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

Emmett Sorsby, darasa la pili, hana jina kabatini,
hana mzio unaojulikana, mtoto wa kula kila kitu hata kifutio,
aliletwa na mwenzake akimvuta mkono wa sweta.
Alikuwa amekula biskuti ya siku ya kuzaliwa ya mtu.
"Koo langu lina manyoya," akaniambia.
Manyoya. Mpaka leo sijapata neno bora.
Kisha midomo ikafura, shingo ikaota ramani nyekundu,
pumzi ikaanza kupiga mluzi
kama upepo unaotafuta ufa wa dirisha.

Nilipiga simu. Gari la wagonjwa: dakika ishirini na mbili,
wakasema, barabara ya kaskazini imezibwa.
Mwalimu mkuu yuko mkutanoni.
Mtoto akaketi sakafuni, bila kulia.
Kulia kunataka hewa.

Wanasema sheria ni msumeno;
hii yetu ilikuwa kufuli,
na ufunguo nimeuvaa mimi.

Nilifungua. Majina sita yakanitazama.
Nikachukua ya Teodor Blaha, wa darasa la nne,
kwa sababu ilikuwa karibu, si kwa hekima yoyote,
nikang'oa kifuniko cha buluu, nikaikandamiza pajani
juu ya jinzi yenye matope,
nikahesabu: moja, mbili, tatu,
kwa sauti isiyo yangu.

Sitasema alifufuka. Alikohoa. Akatapikia kiatu changu.
Sijawahi kukipenda kiatu kama nilivyokipenda kile.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi: kumpigia mama yake Teodor.
"Nimetumia sindano ya mwanao. Kwa mtoto mwingine.
Hivi sasa Teodor hana kitu shuleni."
Kimya. Nikasikia mashine ya kufulia ikizunguka kwake.
"Huyo mtoto anapumua?"
"Anapumua."
"Nakuja na ile ya jikoni," akasema,
akaendesha maili kumi na moja kwenye theluji ile,
akaiweka mezani kwangu,
akaondoka bila kuvua glavu.

Ijumaa nilipata barua ya onyo, nakala mbili,
na kwa kuwa karani ni mimi
nililitafuta jalada langu nikaitia humo.

Bodi ilikaa Februari, ikakaa Machi, ikakaa tena Mei.
Mmoja aliuliza gharama. Mmoja aliuliza nani atashtakiwa.
Mama Teodor, safu ya nyuma, aliuliza
Jumatano imekosa nini.

Sasa zipo mbili zisizo na mwenyewe,
kwenye kisanduku cha manjano kisicho na kufuli, karibu na kantini.
Pa jina pameandikwa: yeyote.
Kila mwezi naziinua kwenye mwanga
nione kama maji yake bado ni maangavu.

Jana Emmett na Teodor walipigania mpira.
Hawajui. Hakuna aliyewaambia; siri za watoto
nazo zina ukurasa wake.
Niliwaketisha, huyu mwisho huu wa benchi, yule mwisho ule,
wote wawili wakihema, wakihema kwa nguvu,
nikawaacha pale
muda mrefu kuliko kosa lao.