Mbuzi Aliyemeza Ufunguo

Ibra, mwezi wa Julai,
joto lake halifai,
hata paka hatambai,
kajibana kivulini.

Watoto wamefungiwa,
na simu wamegawiwa,
ndimi kama zimetiwa
gundi mle midomoni.

Nihimize wakasome,
kwa ukali nisimame,
hata simu niwanyime:
hawasomi, nilidhani.

Siku moja nikifua,
mashine kuifungua,
theluji imechanua.
Theluji? Huku jangwani?

Karatasi chengachenga
zimeganda kwenye kanga,
na herufi zinatanga
moja moja mapovuni.

Nikamwita Muhannadi:
"Hebu njoo, mkaidi,
umefanya makusudi?
Kuna nini mfukoni?"

Akaja, kope kashusha:
"Mama, mbona umeosha
kitabu? Wanikondesha!
Nimefika ukingoni!"

Kisa chenyewe ni hiki:
kuna mbuzi hashikiki,
na kwa kamba hafungiki,
kapenya mpaka chumbani.

Ufunguo akameza
wa sanduku lilojaza
mahari ya dada Aza,
harusi i mlangoni!

Ufunguo ukatoka?
Au mbuzi kachinjika?
Jawabu limegeuka
ujiuji wa sabuni.

Nikacheka, nikalala.
Usingizi? Hata! Wala!
Yule mbuzi katawala,
akilia sikioni.

Mume akasema, "Vipi?
Hulali? Roho i wapi?"
"Mbuzi." "Mbuzi gani? Yupi?
Tumemla Ramadhani!"

Dada yake kaambiwa,
jirani wakaitiwa,
mtaa ukachachawa,
simu zikafa kochini.

Kila mmoja na lake.
Warda: "Mbuzi atapike!"
Haza: "Kufuli ing'oke!"
Zogo mpaka jikoni.

Sikungoja siku tele:
watoto sita, kelele,
gari nalo mbele, mbele,
hadi kule maktabani.

Bi Shinuna kapekua,
rafu zote kafukua:
"Wenzenu wamechukua,
labda kesho, labda lini!"

Katika ile kungoja,
mkono moja kwa moja
ukakivuta kimoja,
wakaketi zuliani.

Warda nyota, Haza bata,
papa Thuraya kapata,
mdogo kakipakata,
picha tu, yu furahani.

Nami, tangu kuolewa,
kusoma kwangu: ni dawa,
na bili nikiletewa.
Nikazama kitabuni.

Kiarabu cha kitabu
kwa bibi yao taabu;
Thuraya akajaribu
Kiswahili cha nyumbani.

Bibi naye: "Hapo, hapa,
umeruka! Yule papa
kamla nani? Naapa,
silali sijabaini!"

Wiki ya tatu kukicha
kikarudi. Kwa makucha
twafunua: kumbe pacha
wa funguo kabatini!

"Ati ndio mwisho huu?"
Wakanuna, shingo juu.
"Wetu sisi ni nafuu!"
Wakauandika chini,

nyuma ya risiti yangu,
kwa mwandiko wa mizungu:
ufunguo kwenye chungu
ukalia harusini!

Basi, ninyi wa la tatu,
kitabu hakina kutu,
wala si kazi ya watu
wa mtihani shuleni.

Kisome ukinyolewa,
chai ikiandaliwa,
na petroli ikitiwa,
guu juu ukutani.

Hapana alama kumi,
wala hakuna "Husomi!"
Chachosha? Weka. Na mimi
huviweka, sina soni.

Ila moja nalitaka:
kanzu kabla ya kuweka
kapuni, hebu kumbuka,
papasa kwanza mfukoni.