Kifungu cha Kwanza

Kifungu cha kwanza hakimfungi mtu.
Hakitozi faini, hakimpeleki yeyote jela.
Kinaeleza tu kwa nini.
Miaka ishirini na mmoja nimekiandika mimi,
Ardis Kvamme, ghorofa ya chini, Bismarck,
dirisha langu likitazama matairi ya waheshimiwa
na theluji iliyokwisha kuwa majivu.

Sheria ni msumeno, husema watu.
Basi mimi ni fundi wa mpini:
pale mkono unaposhika,
pale pasipo na jino.

Waheshimiwa huja na nia zao mifukoni.
Seneta Brekhus alitaka achari za nyumbani
zisiuzwe tena kwenye soko la Jumamosi.
Shemeji yake ana kiwanda cha achari.
"Nitafutie sababu, Ardis,"
akaniachia peremende mbili juu ya meza.
Nikaandika: "Kwa kuwa afya ya umma ni amana..."
Akasoma. Mabega yakanyooka.
Siwezi kuapa kwamba bado alikuwa anadanganya
alipofika kwenye nukta.

Kwa kuwa. Kwa kuwa. Kwa kuwa.
Nimeyatumia kwa madaraja na kwa nyuki,
kwa taa za matrekta, kwa siku ya kuenzi viazi.
Na huyo Umma, niliyemwandikia ujana wangu wote,
hata simu hajawahi kunipigia.

Ila Februari moja alikuja.
Alikuwa na koti la kuazima na jina, Renae Schlosser.
Mwanawe Kolby, miaka kumi na minne,
alitumwa kuvunja mahindi yaliyogandamana
ndani ya ghala la chuma, mashine ikivuta chini.
Yalimfika kiunoni, yakamfika kidevuni,
kisha yakajisawazisha
kana kwamba hapakuwa na mtu.
Alinieleza hivyo, kiganja kikipita juu ya meza yangu,
polepole, kikilaza kitu nisichokiona.

Mbunge wake, Bi. Opdahl, mgeni bungeni,
aliomba muswada wa kurasa mbili:
mtoto asiingie ghalani mashine ikizunguka.
Nikatanguliza, kama kawaida yangu:
"Madhumuni ya Sheria hii ni kulinda maisha
ya watu wenye umri wa chini ya miaka kumi na sita
katika sehemu za kuhifadhia nafaka."
Renae akaisoma kwa kidole, neno kwa neno,
akarudi juu, akaisoma tena.
"Yuko wapi?"
Nikamwonyesha neno "watu".

Kamati ya Kilimo ilikaa saa mbili asubuhi.
Wakabishana juu ya faini, juu ya desturi za mashamba,
juu ya babu zao, ambao wote, ilionekana,
walikulia ndani ya maghala na hawakufa.
Kisha mwenyekiti, kwa upole, wala si kwa ubaya,
akasema sheria nzuri haihitaji kujieleza.
Kalamu nyekundu. Mstari mmoja.
Msumeno ukapita, kura kumi na moja kwa mbili.
Mpini ukabaki sakafuni.

(Achari, kwa taarifa yako,
zilipita na sababu zake zote.)

Siku moja jaji atataka kujua Bunge lilikusudia nini.
Atafungua kumbukumbu za kamati,
atakuta ule wino uliopita juu ya "watu",
na neno bado linasomeka chini yake.
Sijui atalihesabu au ataliruka.

Usiku ule nilichelewa kuzima taa.
Niliandika kifungu kingine, hakina namba,
kiko kwenye droo pamoja na peremende za Seneta:
Kwa kuwa alikuwa anajifunza kupiga tromboni.
Kwa kuwa kiatu cha kushoto kilipatikana Alhamisi.
Kwa kuwa mama yake alipitisha kiganja juu ya meza hii,
nami tangu hapo
naweka karatasi zangu upande.