Mizani ya Viazi

Mizani ya wodi iliishia mia na ishirini.
Mshale uligota pale, ukatetemeka, ukanyamaza.
Basi tukampeleka Anyosisye sokoni Uyole
kabla ukungu haujapanda, kabla malori hayajafungua turubai,
tukamsimamisha kwenye mizani ya viazi.
"Mia na sitini na tatu!" akasoma kijana wa kupakia
kwa sauti ileile anayosomea lumbesa.
Mtu mmoja alicheka.
Nimejaribu miaka mingi kuamini kwamba hakuwa mimi.

Mimi ni mtoto wa Katumba, ambako mvua haijui likizo.
Kwetu mtoto akiwa na mashavu, mama yake alisifiwa njiani;
akikonda, majirani walihesabu kuku wa nyumba hiyo.
"Umenenepa!" ilikuwa salamu, na ilikuwa zawadi.
Nikaja kuwa daktari mdogo milimani Njombe,
nikizungusha utepe kwenye mikono ya watoto,
kijani, njano, nyekundu,
nyekundu tena, na dari juu yetu imejaa mahindi.
Ningejifunza wapi kumwonea huruma mtu mnene?
Niliona mtu aliyeshinda.

Kazi yangu ilikuwa ngiri, matumbo yaliyotobolewa na taifodi,
mapaja ya vijana wa bodaboda waliouona Mlima Nyoka kwa karibu mno.
Nashona, nafunga, naenda kula.
Anyosisye hakuwa na kidonda cha kushonwa.
Alilala ameketi, miaka minne,
akiogopa shingo yake isimkabe gizani.
"Punguza kula, mama," nikamwambia.
Huo ndio ulikuwa ujuzi wa miaka yangu sita chuoni.
Akanitazama kama anavyomtazama mteja anayebonyeza viazi bila kununua.
"Daktari, nami ningekwambia punguza ufupi."

Akafa Machi, barabara zimegeuka uji.
Fundi wa Ilemi alipima mara mbili, hakuiamini futi yake.
Wabebaji sita wakawa kumi. Nikaingia wa kumi na moja.
Njia ya makaburini ilikuwa tope na mteremko,
na pale, ubao ukinikata bega,
ndipo nilipompima kwa mara ya kwanza.

Nikaenda Chennai. Profesa akauliza, kwenu si kuna njaa?
Nikasema, vyote viwili, chini ya bati moja.
Nikarudi na vyeti, wenzangu wakaniita daktari wa matajiri.
Kitu cha kwanza nilichoandikia stoo hakikuwa kisu:
mizani inayofika mia tatu,
na kiti kisicho na mikono.
Bi Sekela wa stoo alikataa miezi saba,
halafu siku moja akafunga mlango,
akaniuliza chini kwa chini, hiyo operesheni huanzaje?

Huanza kwa matundu matano, kila moja kama kifungo cha shati.
Tumbo tunalipunguza hadi libaki na umbo la ndizi,
nami mtoto wa migomba sikuhitaji picha ya kitabu.
Wa tatu alivuja.
Siku kumi na moja nililala kwenye benchi la korido
nikisikiliza homa yake ikipanda na kushuka.
Akapona. Alipofika kwake Rungwe, mama mkwe akampakulia mlima wa wali;
akala vijiko vitatu, ikaitishwa kikao cha ukoo.
Hilo sikufundishwa kulikata.

Mwaka huu, Juni, baridi ya kupasua midomo,
amekuja Tumpe, binti wa Anyosisye, kutoka kibanda kilekile.
Amevua viatu, koti, hata saa.
Chumba kina pazia. Hakuna anayesoma kwa sauti.
Nimegeukia dirisha, natazama Loleza ukivaa wingu;
nyuma yangu chuma kinalia kidogo, kinatulia.
"Nikwambie?" anauliza.
"Ukipenda."
Kimya.
Ananiambia kwanza bei ya gunia leo.