Nusu Tu

Chini, jikoni, bomba la baridi linakuja kwa kishindo,
linapiga sinki, linanirushia maji kwenye miwani.
Juu, bafuni, ni uzi.
Uzi mmoja, ungeweza kuupitisha
kwenye tundu la sindano.

Nasimama chini ya shawa, sabuni imenikauka mabegani,
mwanamke wa miaka sabini na mbili,
Januari, Blaenavon, barafu imeota kwenye kioo.
Maji yanakuja vuguvugu. Yanakuwa baridi.
Kule chini naisikia boila ikishtuka, puu,
ikawaka, ikazima,
kama mtu aliyeitwa jina akasahau kuitika.

Mervyn, jirani, alitoa hukumu juu ya ukuta wa bustani:
boila hiyo mbovu, Nesta, wamekupiga. Nunua nyingine.
Asiyelipa hachoki kununua.

Nikamwita Lowri, binti yake marehemu Beddoe
aliyetuwekea mabomba haya mwaka wa mgomo wa chuma.
Mikono ya baba yake, kucha za zambarau.
Boila hakuigusa. Aliomba jagi.
Akakinga jikoni, akihesabu, midomo ikicheza:
lita kumi na moja kwa dakika.
Akapanda ngazi. Nikamsikia akihesabu, akihesabu,
akikohoa, akihesabu.
Mbili, akasema, na kidogo cha huruma.

"Hii haina tangi, Bi Prosser. Haiweki akiba.
Inangoja isikie maji yakipita ndipo iwake.
Kwako huku juu maji yananong'ona.
Haisikii."

Nikakumbuka tangi la darini,
lile walilolikata vipande Oktoba na kulishusha kama jeneza.
Miaka yote lilijaa usiku, tone kwa tone,
asubuhi likatushushia wote tulivyotaka,
nasi hatukuuliza lilikesha vipi.

Lowri akaingia kwenye kabati la chini ya ngazi,
akatoa ufagio, mabuti ya Idwal, pasi isiyo na waya,
kisha akanyamaza.
Njoo uone, akasema.

Nyuma kabisa, kwenye bomba la shaba liendalo juu,
koki ndogo nyekundu, imegeuzwa ikaachwa katikati,
na shingoni mwake, kwa uzi wa katani,
kipande cha kadi, penseli, mwandiko wa Idwal
ulioinama kushoto kama anayetembea dhidi ya upepo:

*Nusu tu. Mtoto kalala.*

Basi mabomba yalikuwa yanagonga. Nilikuwa nimesahau.
Kila tangi lilipojaa, ukuta mzima ulipiga hodi,
Carys akaamka, mimi nikaamka, na yeye Idwal
ana zamu ya alfajiri mgodini.
Usiku mmoja alishuka na tochi, akarudi miguu ya baridi,
hakusema kitu.
Nikadhani mtoto amekua.

"Nifungue?" Lowri alikuwa amepiga goti, spana mkononi.
Saa ya ukutani ilisema saa sita mchana.
Carys ana miaka arobaini na tatu sasa, yuko Adelaide,
na Adelaide ilikuwa imeshapita saa nne za usiku.
Kwa hiyo ile kadi haikuwa inasema uongo.

Fungua, nikasema. Polepole.

Koki ililia, ikatoa kutu, ikakubali.
Alinitoza pauni thelathini; kadi sikumpa.
Jioni nilioga mpaka vidole vikajikunja,
boila inaunguruma bila kusita,
mvuke umefunika barafu, umefunika uso wangu kwenye kioo.

Kisha nikafunga bomba kwa ghafla, makusudi.

Ukuta ukagonga. Mara tatu.

Nikasimama pale, taulo mkononi, maji yananitiririka.
Nikafungua tena.
Nikafunga.