Akidi

Saa tisa usiku, Newport, mvua ya Wales haina pupa,
inanyesha kama mtu anayesoma mkataba
hadi maandishi madogo ya chini.
Ndani, seva tatu zinanguruma katika baridi ya kununua.
Gwilym alizipa majina ya kondoo wa babu yake:
Nansi, Mali, Beti.
Akabandika utepe mweupe kwenye kila paji,
akaenda zake Risca kulala.

Delyth wa dawa za usiku ananipigia kutoka hospitali.
"Skrini imeganda, Mashavu. Lebo hazitoki.
Nina watoto wawili wodi ya nne wanaosubiri dozi."
Sauti yake haipandi.
Hilo ndilo linalonitia hofu.

Nansi amenyamaza. Nafungua faili la nodi,
kila mstari humo ni kiapo:
jina lako nani, jirani zako nani,
unasikiliza mlango namba ngapi,
na usiposikia pigo la mwenzio
utangoja muda gani kabla ya kumwita marehemu.
Gwilym aliandika sekunde moja.
Moja!
Hata sukari haijafika chini ya kikombe.
Kwetu Muheza mtu akichelewa
sahani yake inafunikwa, maneno yanaendelea.

Lakini Mali na Beti wako wima.
Wamepiga kura, wawili kati ya watatu,
akidi imetimia, Beti kashika uongozi
bila hotuba, bila keki.
Nyumba ina watu, taa zinawaka;
mbona mgeni yuko nje analowa?

Dakika kumi na moja nalaumu nodi.
Kisha nafungua faili la mteja,
ambalo halifunguliwi na mtu,
lililoandikwa na kijana aliyekwisha acha kazi
akabakiza kikombe chake kabatini.
Humo mna anwani moja tu.
Nansi.
Miaka yote hiyo mteja alionyeshwa mlango mmoja
na usiku huu anaubisha, anaubisha,
na miwili iko wazi hatua tatu kushoto.

Nyumbani ukipiga simu iliyozimwa
yule dada wa mtambo hukwambia
mteja unayempigia hapatikani.
Nilikua nikidhani mteja ndiye hupotea.
Huku mteja ndiye anayepiga.

Naongeza majina mawili. Mkato, nafasi, mkato.
Ile sekunde moja naifanya saba.
Nahifadhi, nawasha upya, nashika simu sikioni
na kusikiliza pumzi za Delyth,
kiti chake, tone la bomba,
halafu printa inakohoa.
"Inatoka," anasema, na kukata.

Chini ya faili, nyuma ya alama ya reli,
mahali ambapo mashine hairuhusiwi kusoma,
namwandikia atakayekuja baada yangu:

Mteja mpe majina, ya seva zote pamoja,
Hii ikikosekana, asikae akingoja,
Muda wa kusikizana, sekunde saba, si moja,
Mbili zikishapatana, ndiyo akidi ya hoja.

Saa mbili asubuhi Gwilym, koti likichuruzika,
anaisoma kwa sauti, akiangusha kila kina.
"Hii nini?"
Maelekezo.
"Kwa nini saba?"
Namwambia kebo ya Nansi inapita chini ya ngazi
penye unyevu, pigo lake huchelewa, hakufa,
ungemzika kila mvua ikinyesha,
na hapa inanyesha lini isinyeshe?
"Tano," anasema.
Tunabishana mpaka chai ya pili, tunaafikiana sita.
Narudi kwenye beti langu, nafuta saba, naandika sita.
Mizani haikuharibika.

Beti bado anaongoza.
Hakuna aliyemuuliza.